Mgeni wa Ziwa Victoria

Ukifika Kisumu wakati wa jioni, msomaji wangu, ukapita katika mtaa wa Obunga, utasikia harufu ya mafuta yachemkayo kabla hujaona kitu. Akina mama wameketi nyuma ya makarai makubwa, na ndani ya makarai mna mifupa ya samaki: kichwa, uti wa mgongo na mkia, pamoja na nyama kidogo iliyogandamana na mbavu. Watu wauita mgongo wazi. Minofu yenyewe haimo. Imekwisha kukatwa kiwandani, ikatiwa barafu, ikapelekwa ng'ambo. Kilichobaki ndicho akinunuacho mtu wa kibarua apate kitoweo cha ugali wake.

Nataka nikueleze jinsi mambo yalivyofikia hapo, hata watu wanaokaa kando ya ziwa kubwa kupita yote ya Afrika wakawa wananunua mifupa. Ni habari iliyoanza na reli, ikapita katika ofisi za mabwana samaki na vyumba vya wataalamu, nayo haijakwisha hata leo. Wala sina mtu mmoja mwovu wa kukunyoshea kidole. Karibu kila aliyeshiriki katika habari hii alidhani anatenda jema, na hilo ndilo liifanyalo kuwa ngumu kusimulia.

Kwanza yakupasa ulijue ziwa lenyewe. Eneo lake ni kilometa za mraba kama 68,000, na katika hizo sisi wa Kenya tunayo sehemu ndogo sana, kama sita tu katika kila mia. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Si ziwa la kina kirefu. Mahali penye kina kikubwa kabisa hapazidi sana meta 80, na hiyo si ajabu kwa ziwa, maana lile la Tanganyika lina kina cha zaidi ya meta 1,400. Ziwa Victoria ni kama sinia kubwa lililojazwa maji. Ukilikumbuka sinia hilo utaelewa mambo mengi yatakayofuata, kwa kuwa maji machache juu ya eneo kubwa huchafuka upesi.

Ndani ya sinia hilo mlikuwa na samaki ambao wazee waliwajua kwa majina kama tuwajuavyo ng'ombe wetu. Alikuwako ngege, samaki mtamu aliyependwa kuliko wote. Alikuwako ningu, aliyekuwa akipanda mito wakati wa mvua kubwa kwenda kutaga mayai. Mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja ilijaa ningu, na watu waliwangojea kwa nyuzio na migono iliyosukwa kwa fito. Walikuwako mumi, kamongo, mbiru na omena. Na zaidi ya hao wote walikuwako fulu.

Fulu ni samaki mdogo, mara nyingi hazidi urefu wa kiganja cha mkono. Mtu asiyejua angesema fulu wote ni mamoja. Kumbe sivyo. Wataalamu walipoanza kuwachunguza waliona kwamba namna zao zapita mia tano, na nyingi sana kati yake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila namna ilikuwa na kazi yake. Wengine walikula uchafu wa chini, wengine viluwiluwi vya wadudu, wengine konokono, wakiwamo konokono wale wapitishao ugonjwa wa kichocho. Kulikuwa na fulu waliokula magamba ya wenzao, na fulu waliokula mayai na watoto wa fulu wengine waliofichwa vinywani mwa mama zao. Ulikuwa kama mji mkubwa wenye mafundi wa kila ufundi. Watu wa pwani ya ziwa waliwala fulu sana: waliwaanika juani, wakawafunga, wakawapeleka sokoni kubadilishana na mtama na mahindi. Kazi hiyo ya kuanika na kuuza ilikuwa ya wanawake, haikuhitaji mtaji wala kuni, bali jua tu.

Basi tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo sasa ni Kisumu. Tumezoea kusoma juu ya reli hiyo habari za simba wa Tsavo na za vibarua waliotoka Bara Hindi, na tukifika Kisumu twafunga kitabu. Lakini kwa samaki, hapo ndipo kitabu kilipofunguliwa. Kabla ya reli, mvuvi alivua kadiri ya tumbo la nyumba yake na soko la kijiji chake. Samaki mbichi hawezi kusubiri. Baada ya reli, ngege aliyevuliwa katika Ghuba ya Winam, ambayo siku hizo iliitwa Kavirondo, aliweza kuliwa Nairobi. Na mtu aliyetakiwa kulipa kodi ya nyumba kwa fedha aliona ndani ya maji fedha zinazoogelea.

Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kutega, zilizofumwa kwa nyuzi za kitani huko Ulaya. Labda waona kuwa wavu ni wavu tu. Fikiri kidogo. Uzio na mgono hukaa mtoni au ukingoni; samaki aliye mbali na pwani yu salama, naye huzaa na kulijaza tena ziwa. Wavu wa kutega huchukuliwa na mashua mpaka popote, ukaachwa usiku kucha, asubuhi ukainuliwa. Mahali pa samaki pa kukimbilia pakaanza kupungua. Katika miaka ya kwanza nyavu zilitoka zimejaa ngege hata wavuvi wakashindwa kuzibeba. Miaka ishirini baadaye wavu ule ule ulileta samaki wachache wa kuhesabiwa kwa vidole.

Serikali ikaona haya, ikamleta mtaalamu Michael Graham, akazunguka ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929, na laiti ingalisomwa kwa makini zaidi. Alishauri mambo mawili ambayo wewe yafaa uyaweke kichwani. La kwanza, nyavu zisiwe na matundu madogo kuliko inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kukamatwa. La pili, aliposikia watu wakisema ziwa lafaa kutiwa samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, alionya kwamba jambo hilo lina hatari kubwa mno, lisifanywe bila ya uchunguzi mrefu kutangulia.

Shauri la kwanza lilifuatwa kwa muda. Sheria ya inchi 5 iliwekwa, ikalindwa kwa shida. Lakini wavuvi waliokuwa wakipata samaki wachache walizidi kutumia matundu madogo, askari wa kuwazuia walikuwa wachache, na ziwa ni kubwa. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo hazioni kuoza na hukamata zaidi. Mwishowe, kati ya mwaka 1956 na mwanzo wa miaka ya 1960, nchi zote tatu ziliiondoa sheria hiyo. Ningu naye alikuwa amekwisha kupotea karibu kabisa, kwa kuwa nyavu zilitegwa midomoni mwa mito, mahali alipolazimika kupita. Nakuomba ulishike hili, maana nitalirudia: ngege na ningu walikuwa taabani kabla mgeni hajaingia.

Sasa ndipo yalipoanza majadiliano juu ya mbuta.

Mbuta, ambaye wenzetu wa Tanzania wamwita sangara, ni samaki wa mto Naili na wa maziwa ya Albert na Turkana. Aweza kuwa mrefu wa meta mbili na uzito wa zaidi ya kilo 100. Hula samaki wenziwe. Mabwana samaki wa siku hizo walitazama hesabu zao, wakaona kwamba sehemu kubwa ya samaki wa Ziwa Victoria ni fulu, wadogo, wenye miiba mingi, wasiotakiwa katika masoko ya miji. Wakawaza hivi: tukimtia mbuta, atawala fulu hao wasio na thamani na kuwageuza kuwa nyama nzuri ya kuuzwa. Pia, hapana haja ya kuficha, walikuwako waliopenda kumvua mbuta kwa ndoana kwa ajili ya mchezo.

Neno hilo, kutokuwa na thamani, lataka kutazamwa. Kwa nani hawakuwa na thamani? Mama wa Uyoma aliyekuwa akianika fulu kwenye jamvi la mafunjo hakuulizwa. Sikusudii kusema kwamba angaliulizwa angalijua kila kitu. Lakini alijua angalau kuwa fulu wale ndio karo, ndio chumvi, ndio kitoweo cha watoto wakati wa njaa.

Wako waliopinga. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe wa majini, aliandika hoja zake waziwazi. Alisema kuwa mbuta hula kilo nyingi za fulu ili aongeze mwilini mwake kilo chache, kwa maana sehemu kubwa ya chakula huishia katika kuogelea na kuishi. Kwa hiyo anayegeuza fulu kuwa mbuta atapata nyama pungufu. Alisema pia kuwa samaki mkali akiingia mahali asipojulikana, matokeo hayawezi kutabiriwa, tena hayawezi kurudishwa nyuma. Wengine wakamjibu kwamba mbuta na fulu waishi pamoja katika Ziwa Albert na hakuna madhara. Majadiliano yalikuwa bado yanaendelea katika magazeti ya kitaalamu wakati, mwaka huo huo wa 1960, mbuta alipovuliwa karibu na Jinja.

Naam, alikuwa amekwisha kuingia. Baadaye ilifahamika kuwa alitiwa ziwani kimya kimya upande wa Uganda katika miaka ya 1950. Watu walipoona yumo tayari, wakasema basi na tumwongeze. Akatiwa tena kwa kibali huko Entebbe mwaka 1962 na 1963, na hapa Kisumu mwaka 1963. Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani ni nani hasa aliyeamua. Nilinyamaza kidogo. Hilo ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba uamuzi ulifanywa kwanza, kisha ukatafutiwa sababu.

Wala usidhani kwamba ziwa lilibadilika kesho yake. Kwa muda wa karibu miaka ishirini mbuta alionekana hapa na pale, na mvuvi akimpata alimshangaa tu. Uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kuwa fulu bado walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa kwa nyavu za kukokota chini ya ziwa. Watu wakasahau. Kisha, karibu na mwaka 1980, katika Ghuba ya Winam mbuta wakajaa ghafula. Miaka michache baadaye wakajaa upande wa Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 wakajaa upande wa Mwanza. Fulu wakatoweka mbele yao kama nyasi mbele ya moto. Katika sehemu nyingi hawakufika hata asilimia moja ya samaki waliovuliwa. Wataalamu hukadiria kuwa namna kama 200 zimepotea, na namna nyingi katika hizo hazikuwa zimepewa hata jina.

Na hapa lazima nikuambie jambo litakalokusumbua, maana lilinisumbua mimi. Fryer alikosea kuhusu wingi. Mavuno ya samaki wa ziwa zima, ambayo katika miaka ya 1970 yalikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka, yalipanda mpaka karibu tani 500,000 kufikia mwaka 1990. Mbuta alipomaliza fulu hakufa njaa: aligeukia kamba wadogo wa ziwani, omena, na hata watoto wake mwenyewe. Na omena nao waliongezeka sana baada ya fulu kuondoka. Kwa hiyo yule aliyeonya juu ya hasara ya fulu alikuwa na haki, na yule aliyeahidi nyama nyingi alikuwa na haki. Historia haina desturi ya kumpa mtu mmoja ushindi wote.

Fedha zilikuja, tena nyingi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda vya kukata minofu, kwanza Kisumu, kisha pande zote za ziwa. Malori ya barafu yakapita njia za vumbi mpaka Usenge, Sori na Homa Bay. Minofu ikasafirishwa Ulaya na kwingineko. Vijana wasio na mashamba wakapata kazi. Nyumba za nyasi zikawekwa mabati. Mashua zikafungwa mashine. Mimi si miongoni mwa wanaomlaani mbuta. Nimefundisha vijana ambao karo yao ilitoka katika tumbo la samaki huyo, na baadhi yao ni walimu leo.

Lakini tazama ni nani aliyepata na ni nani aliyekosa. Mbuta hawezi kunaswa kwa mgono wa fito. Ataka wavu wa nailoni wenye nguvu, mashua kubwa, na afadhali mashine ya kusukuma. Vitu hivyo vyataka mtaji, na wenye mtaji mara nyingi hawakuwa wavuvi. Walikuwa wafanya biashara wa mjini walionunua mashua kumi au ishirini na kuajiri watu. Mvuvi aliyekuwa bwana wa mtumbwi wake akawa kibarua katika mashua ya mwingine. Kiwanda nacho kilimtuma wakala wake ufukweni na barafu na fedha taslimu, naye alichukua samaki wote wazuri kabla mwanamke mwenye kikapu hajafika.

Mwanamke huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Fulu walikuwa wake. Mbuta ana mafuta mengi mno. Ukimwanika juani ataoza. Ni lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe, na kubanika kwataka kuni. Hivyo samaki aliyetiwa ndani ya maji alikata miti iliyo juu ya vilima, na udongo wa vilima hivyo ukateremka pamoja na mvua hadi ziwani. Hakuna bwana samaki aliyeandika juu ya miti katika hesabu yake. Na wanawake walipoona samaki wamekuwa haba na ghali ufukweni, wengi wao walilazimika kujifungamanisha na wavuvi kwa njia zilizowavunjia heshima ili wapate kuuziwa, na maradhi yakaenea. Sitaliandika jambo hilo kwa kirefu hapa, lakini kulinyamazia kabisa kungekuwa uongo. Kule Nduru, katika nchi ya Nyakach, kikundi cha akina mama kilipata mashua zake chenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie, na hivyo wakajitoa katika aibu ile. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita hata kiasi cha mwaka 1964, maji yakaingia katika kijiji chao, na wengi wakahama.

Viwanda vilipofanya kazi kwa nguvu zote, ndipo mgongo wazi ulipoanza kuuzwa. Tena mwisho wa miaka ya 1990 tulipata somo jingine. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wetu wasiingie kwao, kwanza kwa ajili ya vijidudu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, na tena kwa kuwa ilisikika watu wanavua kwa sumu. Amri iliyotiwa sahihi Brussels leo, kesho ilimfanya mtu wa Mfangano auze samaki wake kwa bei ya kutupa. Babu yake aliitegemea mvua na upepo. Yeye aliitegemea karatasi asiyoiona.

Hiyo ni habari ya mbuta. Lakini nilikuahidi kurudia jambo moja, nalo ni hili: usimtwike mbuta mzigo wote. Ziwa lilikuwa likibadilika rangi kwa sababu nyingine. Wataalamu wamechimba matope ya chini ya ziwa, wakayasoma kama tusomavyo kurasa, tabaka moja baada ya jingine, wakaona kuwa tangu miaka ya 1920 rutuba iliyoingia majini ilizidi kuongezeka. Ilitoka wapi? Ilitoka katika misitu iliyokatwa, mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa mito, mifugo iliyozidi, miji iliyomwaga uchafu wake. Mto Nyando ukifurika hushuka umebeba udongo wa juu wa mashamba ya watu, mwekundu kama damu. Rutuba ile ile ambayo shambani ni baraka, ziwani hulisha mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa jicho mmoja mmoja. Mimea hiyo ikizidi, maji huwa mazito na ya kijani. Ikifa, huzama na kuoza, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini. Ndiyo maana mara kwa mara samaki huelea wamekufa kwa maelfu, na watu wakasema kumetiwa sumu. Fulu waliokuwa wakila mimea na uchafu huo hawakuwapo tena kulisafisha ziwa. Na katika maji yenye giza, namna za fulu waliojuana kwa rangi zao nzuri walishindwa kutambuana, wakachanganyikana.

Juu ya hayo likaja gugu maji. Lina ua zuri la zambarau, na asili yake ni Amerika ya Kusini; watu walilichukua duniani kote kwa ajili ya kupamba mabwawa yao. Lilishuka na mto Kagera, na karibu na mwaka 1990 lilikuwa limekwisha kuingia ziwani. Maji yaliyojaa rutuba yalikuwa kwake kama shamba lililotiwa samadi. Mwaka 1998 lilifunika Ghuba ya Winam kiasi cha hekta 17,000 hivi. Bandari ya Kisumu ikawa kama kiwanja cha mpira. Mashua zilikwama, mabomba yakaziba, nyoka na mbu wakapata makao. Walileta wadudu wadogo wa namna ya fukusi walao gugu hilo tu, na wadudu hao pamoja na mawimbi ya mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 walilipunguza sana. Lakini mvua kubwa ikija na udongo wake, gugu hurudi. Wako wavuvi waniambiao kuwa gugu limewafaa kwa jambo moja: chini ya kivuli chake kamongo na mumi wamepata kujificha tena.

Na mbuta? Amepungua. Nyavu zimekuwa nyingi mno, na wanaovuliwa sasa wengi ni wadogo ambao hawajazaa. Viwanda kadha vimefungwa kwa kukosa samaki. Na tangu mbuta apungue, fulu wa namna chache wameonekana tena katika sehemu kadha za ziwa. Wengine miili na vinywa vyao vimebadilika, kana kwamba wamejifunza kuishi na adui. Mia mbili waliopotea hawatarudi. Omena nao, chakula cha maskini kilichobaki, sehemu kubwa yao husagwa siku hizi ili kulisha kuku, na bei yao hupanda kwa kushindaniwa na kuku.

Ngege hayumo tena katika ziwa kubwa ila kwa nadra sana. Wengi wenu mnaposema mmekula ngege, mmekula samaki mwingine wa jamaa yake, naye ni mgeni pia, aliyeletwa katika miaka ya 1950. Mtu akitaka kumwona ngege wa kweli yampasa aende Siaya, kwenye Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo la kilometa za mraba kama 10 lililojificha katika kinamasi cha Yala. Mafunjo ya kinamasi hicho yamelizunguka pande zote. Maji yaliyo kati ya mashina ya mafunjo yana oksijeni haba. Ngege na fulu waweza kuyavumilia, mbuta hawezi. Kinamasi kimekuwa lango asiloweza kulipita.

Kinamasi hicho nacho kina historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 sehemu yake ya hekta 2,300 ilikaushwa iwe mashamba, mto ukageuzwa njia. Kuanzia mwaka 2003 kampuni moja ya Marekani ilikodi ardhi hapo ikalima mpunga, ikapata wa kuisifu na wa kuilalamikia, kisha ikaondoka. Sasa wako wanaotaka kuendelea kukausha ili kupanda mazao mengine. Kuna watu maelfu kandokando ya kinamasi wasio na ardhi ya kutosha, na mahindi yaliyomea katika udongo ule mweusi ni mahindi mazuri kwelikweli. Nimeyaona. Nisingeweza kusimama mbele ya mtu aliyeyapanda nikamwambia asilime, bila ya kumwonyesha atakula nini.

Niliwachukua wanafunzi wangu Kanyaboli likizo moja, siku yenye jua kali. Mvuvi mmoja mzee alikuwa ametia nanga mtumbwi wake, akatuonyesha ngege watatu katika kikapu, wa rangi ya fedha iliyochanganyika na wekundu kidogo, kila mmoja mdogo kuliko tulivyotazamia. Wanafunzi wawili waliotoka Kisumu hawakupata kumwona samaki huyo maishani mwao, ingawa jina lake walilijua tangu utotoni. Nikamwuliza mzee kama mbuta hupata kuingia humo. Hakunijibu kwa maneno. Aligeuza uso kuelekea ukuta wa mafunjo, ambako ng'ambo ya pili moshi wa watu wanaosafisha shamba ulikuwa unapanda, kisha akainama akaendelea kumparua ngege wa kwanza magamba.